Kura ya maoni: jinsi ya kuwaeleza majirani mswada utabadilisha nini

Kila fununu ya kubadilisha Katiba ya Kenya inapoanza kuvuma, maswali huanza kuingia kwenye simu yangu, na miaka yote ni yale yale. "Mwalimu, nikitia sahihi si nimeshapiga kura?" "Tukisema La, tunarudi kwa katiba ya zamani?" "Hiyo asilimia 35 wanayoimba ni ya nini?" Wengi wanaouliza ni watu walioombwa na chama cha akina mama, kanisa, msikiti au kikundi cha vijana wasimame mbele ya wenzao waeleze, wakakubali kabla ya kujua wamekubali nini. Mwongozo huu ni wenu.

Kazi hii naifanya Nakuru, na mara kadhaa nimeitwa Kisumu na Kakamega. Popote ninapokwenda, lengo langu ni moja: mtu akitoka kwenye kikao aweze kusema kwa maneno yake mwenyewe, "Ndiyo ikishinda, sheria itakuwa hivi. La ikishinda, itakuwa hivi." Nani anaunga mkono mswada, nani anaupinga, na walishikana mikono wapi, hayo watayapata kwa redio bila msaada wako.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Mapema mwaka 2021, wakati wa BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa kubadilisha Katiba), nilisimama katika ukumbi wa kanisa kule Kaptembwo nikatangaza kwa sauti ya mnada kwamba kaunti zitapata asilimia 35 ya pesa za taifa. Mama mmoja anayeuza sukuma stejini akainua mkono. "Asilimia 35 ya nini, mwalimu? Ya mwaka gani?" Nikababaika, nikasema ya bajeti. Ilikuwa uongo, ingawa sikujua. Jibu sahihi liko katika hatua ya tatu hapa chini, na ni jibu ambalo mabango ya barabarani hayakuwa nalo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Mswada wenyewe, wote, pamoja na majedwali yake ya mwisho. Muhtasari wa kurasa mbili hautoshi, na picha iliyotumwa kwenye WhatsApp ndiyo usiiguse kabisa. Mambo mazito hupenda kujificha kwenye majedwali.

Katiba ya 2010, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Unahitaji zote mbili kwa sababu kifungu cha 259 kinasema matoleo ya lugha yakitofautiana, la Kiingereza ndilo hushinda. Eleza kwa Kiswahili, lakini hakiki kwa Kiingereza. Tovuti ya Kenya Law ina Katiba na sheria zote bila malipo.

Notisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), kama kura imeshaitishwa. Humo ndimo utakapopata siku ya kura, saa, na alama za kila jibu.

Karatasi za manila na kalamu nene za rangi mbili. Usichukue kijani na nyekundu, maana kwenye kura ya maoni ya 2010 kijani ilikuwa Ndiyo na nyekundu La. Chungwa na manjano pia achana nazo, kwa kuwa wazee hawajasahau ndizi na chungwa, alama za kura ya maoni ya 2005. Mimi hutumia bluu na nyeusi. Unaweza kuona ni mzaha, mpaka siku utakapoulizwa mbele ya watu mia kwa nini upande fulani umeandikwa kwa rangi "yetu".

Mtu wa pili anayejua lugha ya hapo. Ukiwa Nyalenda utamhitaji mtu wa Kijaluo safi. Ukiwa Kuresoi au Molo, wa Kikalenjin na wa Kikuyu. Pitia naye karatasi kabla ya kikao, la sivyo atatafsiri kampeni aliyoisikia jana badala ya maneno yako.

Kama mkutano ni wa hadhara, barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14 kabla ya mkutano. Kumpigia chifu simu ni adabu njema, ila hakuchukui nafasi ya barua.

Hatua ya 1: Jua mswada umefika ngazi gani

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kueleza kura wakati bado tuko kwenye sahihi. Chora ngazi hii juu ya manila na uwaonyeshe watu mko kwenye kipago kipi. Ni njia ya kifungu cha 257, yaani mpango unaoanzishwa na wananchi:

a) Sahihi za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni 1.
b) IEBC inakagua sahihi.
c) Mswada unapelekwa katika mabunge yote 47 ya kaunti, nayo yana miezi 3 ya kuamua. Yakipitisha mengi, yaani 24 au zaidi, unaendelea.
d) Bunge la Kitaifa na Seneti. Hapa unahitajika wingi wa wanachama wa kila bunge.
e) Sahihi ya Rais, au kura ya maoni kwanza ikiwa mambo yenyewe yanadai hivyo.

Historia yetu ya karibuni inasaidia kufundisha ngazi hii, kwa kuwa mipango mitatu ilianguka kwenye vipago vitatu tofauti. Okoa Kenya ilianguka 2016 kwenye (b), IEBC ilipopata sahihi halali hazikufika milioni. Punguza Mizigo ilivuka sahihi 2019 ikaangukia (c), mabunge mengi ya kaunti yalipoikataa. BBI ilipita kaunti na mabunge yote mawili, kisha ikazimwa mahakamani: Mahakama Kuu Mei 2021, Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala tarehe 31 Machi 2022. Miongoni mwa iliyoamua Mahakama ya Juu ni kwamba njia ya 257 ni ya wananchi, Rais hawezi kuianzisha. Pia ilibatilisha jedwali la maeneobunge mapya 70, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo juu yake. (Si nilisema majedwali?)

Onyo: kutia sahihi si kupiga kura. Aliyetia sahihi amesema tu "mswada huu uende mbele ujadiliwe". Siku ya kura bado anaweza kusema La bila kuvunja ahadi yoyote ya kisheria. Mwambie pia kwamba asitie sahihi kwenye karatasi isiyo na mswada, na asimpe mtu namba ya kitambulisho eti ataandikiwa. Mwaka 2021 IEBC ilibidi ichapishe orodha ya waliodaiwa kuunga mkono BBI ili anayekuta jina lake bila ridhaa alalamike.

Hatua ya 2: Angalia kama kura itapigwa kweli

Si kila badiliko la Katiba huenda kwa wananchi. Kifungu cha 255 kina orodha ya mambo 10 ambayo lazima yaende: ukuu wa Katiba, mipaka ya nchi, mamlaka ya wananchi, maadili ya kitaifa, Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama na tume huru, kazi za Bunge, malengo na muundo wa ugatuzi, na sura yenyewe inayoeleza jinsi ya kubadilisha Katiba.

Mswada usipogusa hata moja kati ya hayo na mabunge yote mawili yakaupitisha, Rais hutia sahihi na mambo yameisha. Huitwi kwenye debe. Lakini kuna kona hapa inayowashangaza watu. Mpango wa wananchi ukikataliwa na Bunge la Kitaifa au Seneti, haufi. Unakwenda kwa wananchi. Nimeona vikao vizima vikitabasamu kwa kusikia hilo.

Kwa hiyo usiseme "tutapiga kura" mpaka umepitisha kidole kwenye orodha ya 255, jambo moja baada ya jingine.

Hatua ya 3: Gawa manila safu tatu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na itakula jioni zako tatu au nne. Safu ya kwanza: *Leo Katiba inasema nini.* Ya pili: *Mswada unasema nini.* Ya tatu: *Nini kitabadilika, kwa nani.* Kila badiliko lina mstari wake. Nakili maneno yenyewe katika safu mbili za kwanza. Maneno yako yaanze safu ya tatu.

Turudi kwa yule mama wa sukuma. Safu ya kwanza: kifungu cha 203 kinasema kaunti zote kwa jumla zipate *si chini ya* asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, na hesabu ifanywe kwa kutumia *hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa*. Safu ya pili: BBI ilitaka 15 iwe 35. Safu ya tatu ndiyo niliyoiruka.

Kwanza, 15 ni sakafu wala si dari. Hata leo hakuna kinachozuia kaunti kupewa zaidi. Pili, asilimia hiyo si ya pesa za mwaka huu. Ukaguzi na uidhinishaji huchelewa, kwa hiyo unapima kwa kibaba cha zamani. Mimi sasa hueleza hivi: tuseme hesabu za mwisho zilizoidhinishwa zinaonyesha serikali ilikusanya shilingi 100, na mwaka huu imekusanya 140. Asilimia 35 ya 100 ni shilingi 35. Ukizipima kwa 140 za leo, ni robo. Tatu, ni mgao wa kaunti zote 47. Nakuru na Kisumu zitapata kiasi gani ni suala la fomula nyingine, ambayo hupitishwa na Bunge.

Baada ya hesabu hiyo yupo atakayesema bado ni pesa nyingi, na yupo atakayesema walimdanganya. Wote wawili wameelewa, nawe umemaliza kazi yako.

Onyo: usiandike "nzuri" au "mbaya" popote kwenye manila. Wala "itasaidia". Andika "kaunti", "shilingi", "gavana", "Bunge", "mahakama".

Hatua ya 4: Wasake vitenzi

Chukua kalamu uzungushie kila kitenzi cha mswada. Utakuta vya aina tatu.

Cha kwanza kinafanya kazi chenyewe. Mfano wa 2010 ni kifungu cha 65: asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ila kwa kukodisha, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hakikungoja sheria ya Bunge. Siku Katiba ilipoanza kutumika, mikataba ya miaka 999 ya wageni ikahesabiwa kuwa ya miaka 99. Watu wa Naivasha na Njoro wanajua mashamba ninayoyasema.

Cha pili kinaliagiza Bunge litunge sheria. Sura ile ile ya ardhi, kifungu cha 68, inasema Bunge litunge sheria kuhusu kiwango cha chini na cha juu cha ardhi mtu anachoweza kumiliki. Mwaka 2010 huku Bonde la Ufa maneno hayo yalizua hofu kubwa, watu wakiamini shamba la ekari kadhaa litakatwa keshoye. Halingeweza kukatwa keshoye. Kifungu hakikutaja ekari hata moja, kililiachia Bunge.

Na Bunge likiagizwa, laweza kukaa kimya. Kanuni ya thuluthi mbili za jinsia, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama, imo katika Katiba tangu 2010. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza. Halikuvunjwa. Wape watu mfano huo wanapokuambia "ikipita tu, tumepata".

Cha tatu ni "anaweza" na ndugu zake. Hapo hakuna aliyelazimishwa kufanya lolote. Kipaza sauti cha kampeni hupenda kugeuza "anaweza" kuwa "ata-". Kisikilize kwa makini.

Kwenye safu ya tatu weka alama mbele ya kila mstari: J kwa kinachojitekeleza, B kwa kinachongoja Bunge, H kwa hiari. Herufi hizo tatu zimewahi kuniokoa zaidi ya hotuba yoyote.

Hatua ya 5: Tafuta tarehe ya kuanza

Ndiyo ikishinda, mwenyekiti wa IEBC humthibitishia Rais matokeo, na Rais ana siku 30 za kutia sahihi na kuchapisha. Hana hiari ya kukataa. Baada ya hapo angalia vifungu vya mpito mwishoni mwa mswada. Tulipiga kura tarehe 4 Agosti 2010, Katiba ikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huo, lakini gavana wa kwanza hatukumwona mpaka uchaguzi wa Machi 2013. Waliodhani ugatuzi ungefika Krismasi ya 2010 walingoja sana.

Hatua ya 6: Andika upande wa La kwa bidii ile ile

Karibu kila manila niliyoonyeshwa na wanaoanza ina mistari ishirini ya Ndiyo na mmoja wa La: "hakuna kitakachobadilika." Huo ni uvivu, na pia ni kampeni hata kama hukukusudia.

La inamaanisha safu ya kwanza inaendelea kuwa sheria. Isome kwa sauti. Mgao unabaki si chini ya 15. Cheo kilichopendekezwa hakiundwi. Haturudi kwenye katiba iliyotumika kabla ya 2010. Hiyo ilifutwa na haifufuki. Na La haizuii mswada mwingine kuletwa kesho kwa njia hiyo hiyo.

Ndiyo nayo ina uzito ambao hautajwi sana. Jambo likishaingia kwenye Katiba, Bunge haliwezi kuliondoa kwa sheria ya kawaida. Kulifungua ni kurudi kwenye ngazi ya hatua ya kwanza, au kupitia njia ya Bunge ya kifungu cha 256, inayotaka thuluthi mbili za kila bunge. Tena sheria yoyote inayogongana nalo inakuwa batili pale inapogongana. Waambie hivyo wenye haraka na wenye hasira, wote.

Hatua ya 7: Eleza hesabu ya ushindi

Vinahitajika vitu viwili kwa pamoja: wingi wa kawaida wa kura zilizopigwa nchi nzima, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi, yaani 24. Asilimia hiyo 20 ni ya waliojitokeza, si ya waliosema Ndiyo. Kosa hilo nalisikia hata redioni.

Wape namba za nyumbani. Kwenye sajili ya 2022 Nakuru ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 1, hivyo kizingiti ni kama watu 210,000. Kisumu ilikuwa na takriban 600,000, kizingiti kama 120,000. Ukiwaambia hivyo, wanaona wenyewe kwamba "tutawakomesha kwa kukaa nyumbani" ni mkakati dhaifu: kaunti 24 zikifika, kura yako isiyopigwa haihesabiwi upande wowote.

Hatua ya 8: Soma swali la karatasi ya kura

IEBC ndiyo hutunga swali au maswali. Karatasi ya kura yaweza kuuliza mara moja tu kuhusu mswada wenye mabadiliko kumi, na hapo huwezi kukubali saba ukakataa matatu. Suala la swali moja au mengi lilifika Mahakama ya Juu wakati wa BBI, nayo ikasema muda wake wa kuamuliwa haukuwa umefika. Kwa hiyo usiahidi lolote, ngoja notisi. Ikiwa swali ni moja, mshauri mtu aweke alama ya vema au mkasi kwenye kila mstari wa manila yako, kisha ajiulize ni mstari upi mzito kwake kuliko mingine yote. Usimwambie ahesabu vema ngapi na mikasi mingapi. Mstari mmoja kuhusu Mahakama waweza kumlemea mtu kuliko tisa kuhusu vyeo.

Hatua ya 9: Pima manila kwa watu wawili

Mtafute shabiki mmoja sugu wa Ndiyo na mmoja wa La. Mpe kila mmoja peke yake. Wakilalamika kwa nguvu sawa, uko karibu. Mmoja akikushukuru sana, rudi ukasome upya.

Hatua ya 10: Kikao

Watu thelathini wanatosha. Soko la Kibuye siku ya Jumapili lina umati, lakini mtu mwenye mzigo wa mitumba hasikilizi vifungu. Afadhali umfuate kwenye chama chake. Soma mstari mmoja, kisha mwache mtu mmoja aurudie kwa maneno yake, Kijaluo, Kikuyu, Sheng, vyovyote. Akikosea, kosa ni lako. Mistari mitano au sita kwa kikao, si zaidi. Acha manila ukutani na ruhusu wapige picha.

Na kura ya maoni ya kaunti je?

Ipo, wala haina uhusiano na milioni ya sahihi. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 90, inaruhusu kaunti kuitisha kura ya eneo kuhusu sheria na maombi ya kaunti, au mipango na uwekezaji, ikiwa ombi limetiwa sahihi na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa mahali hapo. Kwa mfano, kama kuna mpango wa kuhamisha soko. Kwa kikao cha kura hiyo tumia manila ile ile ya safu tatu. Safu ya kwanza itakuwa sheria ya kaunti badala ya Katiba.

Mambo yakikwama

*"Wewe mwenyewe uko upande gani?"* Utaulizwa dakika ya kumi. Usiseme huna upande, hakuna atakayekuamini. Sema: "Ninao, nitaupeleka kwenye debe. Hapa nimeleta maandishi." Kisha rudi kwenye mstari.

*Mtu ananukuu jambo ambalo hulijui.* Mwombe akuonyeshe kifungu. Asipokuwa nacho, andika swali pembeni ya manila, chukua namba yake, mjibu ndani ya siku mbili. Usibuni. Mama wa sukuma hasahau.

*MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) au mjumbe amekuja na anataka "kusalimia watu".* Wasalimie wewe kwa niaba yake, mpe kiti. Akisisitiza, mpe mstari mmoja asome safu ya kwanza na ya pili, bila ya tatu. Wengi hukumbuka wana mkutano mahali pengine.

*Wanadai pesa ya nauli.* Kama mfadhili ametoa soda, watangazie mapema kwamba ni kwa wote na haina upande. Pesa inayogawiwa pamoja na maelekezo ya kura ni hongo, na hongo ya kura ni kosa la jinai. Afadhali kikao cha watu kumi.

*Mjadala umegeuka wa kabila.* Usihubiri. Elekeza safu ya tatu, uliza: "Neno 'kwa nani' hapa limeandika kaunti gani?" Kwa kawaida limeandika zote 47.

*Mkalimani wako anaongeza chumvi.* Utajua: sentensi yako ina maneno sita, yake inachukua dakika mbili na watu wanapiga makofi. Simamisha kikao, mwombe mtu mwingine ukumbini arudie alichosikia.

*Una nakala mbili za mswada zisizofanana.* Hutokea. Bungeni mwaka 2021 ilibainika kwamba mabunge ya kaunti hayakuwa yote yamejadili nakala ile ile ya BBI. Andika kwenye kona ya kila manila tarehe ya nakala yako na mahali ulipoipata. Nakala ikibadilika, anza upya mistari iliyoguswa, na urudi kwa vikundi ulivyokwisha kutembelea uwaambie mstari upi umebadilika.

*Mahakama imesimamisha mchakato katikati ya ziara zako.* Ahirisha vikao, usizichome manila. Mei 2021 nilikuwa na tisa zimekunjwa nyuma ya mlango. Safu ya kwanza ilibaki sahihi neno kwa neno, na nikaitumia mwaka uliofuata kufundisha darasa la watu wazima. Safu ya pili niliibandikia karatasi nyeupe.